Kuovakloki Ryzen 5 5600X kwenye kompyuta ya gemu uliyoiunda mwenyewe: mwongozo kamili

Mwaka 1998 watu walikuwa wananunua Celeron 300A ya Intel, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300, wanapandisha kasi ya basi (njia inayounganisha prosesa na mazabodi) kutoka megahezi 66 hadi 100, na wanapata megahezi 450 bila kuongeza hata senti. Huko ndiko kuovakloki: kuikimbiza prosesa kuliko kasi iliyopewa kiwandani. Hadithi za namna hiyo ndizo zinazowafanya vijana hadi leo waingie BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows), wapandishe namba moja na kukaa wakisubiri muujiza. Kwa prosesa za sasa muujiza huo umekwisha. Kiwanda kinaikamua prosesa karibu yote kabla haijafika dukani. Kilichobaki ni kidogo, na hukipati kwa kuongeza volti. Unakipata kwa kupunguza joto, kurekebisha RAM na, ingawa wengi hawaamini mpaka waone, kwa kupunguza volti.

Mfano wangu ni Ryzen 5 5600X ya AMD. Ilitoka Novemba 2020, ina viini 6, kasi ya msingi ni gigahezi 3.7 na ya juu 4.6, na kwenye boksi imeandikwa wati 65. Mengi ya humu yanafaa pia kwa 5600, 5700X, 5800X na 5900X. 5800X3D ni habari nyingine, kwa sababu AMD walifunga kizidishio chake, yaani namba inayozidishwa na kasi ya basi kupata kasi ya prosesa.

Kwanza, hakikisha prosesa ndiyo inayokukwamisha

Fungua gemu unayoicheza kila siku, zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu, kisha weka programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe pembeni ya skrini matumizi ya kadi ya picha. Kadi ikiwa inasoma asilimia 97 hadi 99 muda wote, funga mwongozo huu. Fremu zako zinaamuliwa na kadi, na prosesa hata uipeleke wapi hutaona tofauti. Ikiwa kadi inaelea kwenye asilimia 60 au 70, na ukishusha ubora wa picha fremu hazisogei, hapo prosesa au RAM ina kesi ya kujibu. Utaliona hili zaidi kwenye gemu za ushindani kama Counter-Strike 2 na Valorant, kwa wanaocheza 1080p wakiwa na skrini za hezi 144 au 240.

Usidanganywe na asilimia ya matumizi ya prosesa nzima. Gemu inaweza kuwa imekibana kiini kimoja hadi mwisho huku jumla ikisoma asilimia 40.

Vifaa vinavyokubali na visivyokubali

Prosesa za Ryzen 5000 za mezani karibu zote ziko wazi, lakini mazabodi ndiyo inayoamua. B450, B550, X470 na X570 zinakubali. A320 na A520 kwa utaratibu wa AMD hazikubali. Ukiwa na B450 ya bei ya chini, chungulia sehemu ya vidhibiti vya volti, ile iliyo kushoto na juu ya soketi. Kama haina hata kipande cha bati cha kupozea, usiipeleke mbali. Fanya hatua ya RAM na ile ya kushusha volti, basi.

Kwa wenye Intel kanuni ni prosesa yenye herufi K mwishoni pamoja na mazabodi ya chipseti Z. Mkiwa na kizazi cha 13 au 14, sasisheni BIOS kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa nyingi za vizazi hivyo zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa mapema, wakatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti, kisha 0x12B. Na walikuwemo watu ambao hawakuwa wameovakloki chochote. Ukitaka ushahidi kwamba volti ndiyo inayoua prosesa, ndio huo.

Jambo la dhamana pia lijue mapema: uharibifu unaotokana na kuovakloki haumo kwenye dhamana ya AMD.

Joto ndilo bajeti yako

Feni inayokuja na 5600X inaitwa Wraith Stealth. Inatosha kuendesha prosesa kama ilivyotoka kiwandani, tena kwa kelele, lakini haitoshi kwa kazi hii. Tafuta kipozajoto cha mnara chenye feni ya milimita 120. Vya kupoza kwa maji si lazima kwa prosesa ya viini 6, na mimi nisingevinunua kwa ajili yake.

Kipozajoto hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na chumba, kwa hiyo chumba kikipanda nyuzijoto 10, prosesa nayo hupanda karibu 10 hizohizo. Video nyingi mnazoangalia zimerekodiwa kwenye vyumba vya nyuzijoto 20 au 21. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, kinafika 32. Prosesa inayosoma 75 kwenye video itasoma karibu 87 kwako, kwa mipangilio ileile na kipozajoto kilekile. Mtu wa Nairobi au Arusha ana nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana kunakili namba za mtu bila kuuliza chumba chake kina joto gani ni kujitafutia shida.

Wakati wa kutoa kipozajoto cha zamani, kuwa makini na jambo moja. Pini 1,331 za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe, na soketi haina bati la kuikandamiza kwa juu. Pesti ya kupitisha joto ikiwa imekauka, ukivuta kipozajoto kwenda juu kitang'oka pamoja na prosesa, na pini zitapinda. Kwa hiyo washa kompyuta kwanza, endesha kitu kizito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha zungusha kipozajoto kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie chenyewe. Hapo ndipo unyanyue. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya kunde katikati, kisha kaza skrubu kwa kupishanisha pembe, kidogo kidogo.

Vumbi nalo lisafishe. Kichujio cha mbele ya kasha kikijaa, feni zote ulizonunua zinazunguka bure.

Sasisha BIOS, kisha pima ulipo

Angalia toleo la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi yako. Curve Optimizer, mpangilio wa kushusha volti ambao ndio roho ya kazi hii, haipo kwenye matoleo ya zamani. Kabla ya kusasisha, hakikisha umeme ni wa uhakika. Ukikatika katikati ya zoezi, mazabodi inaweza isiwake tena, labda iwe na kitufe cha kurudisha BIOS kwa flashi. Kama mtaa wenu umeme una tabia zake, fanya ukiwa umeunganisha UPS. Na kama diski ya Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, hifadhi ufunguo wake mahali pengine kwanza. Mabadiliko ya BIOS mara nyingi hufanya Windows iudai.

Baada ya hapo rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, ingia Windows, na sakinisha HWiNFO64 (inaonyesha joto, volti na kasi) na Cinebench R23 (inapima nguvu ya prosesa). Endesha jaribio la dakika 10 la viini vyote, kisha la kiini kimoja. Andika alama, joto la juu kabisa, na kasi ya kila kiini. 5600X isiyoguswa hupata takriban 11,000 kwa viini vyote. Ukiwa chini sana ya hapo, kuna tatizo la joto au la RAM, litatue kwanza.

Kwenye HWiNFO tazama mstari wa "Effective Clock". Ryzen ikikosa volti ya kutosha hupunguza kasi kimyakimya huku ile namba ya kawaida ikiendelea kusoma kubwa. Watu wanapiga picha ya gigahezi 4.8 na kujisifu, kumbe alama za Cinebench zimeshuka. Alama zikipingana na kasi inayosomeka, amini alama.

Utaona pia volti zikigusa 1.4 na ushei wakati kompyuta haifanyi kitu cha maana. Hilo ni la kawaida: ni kiini kimoja kinaruka kwa muda mfupi na ampea chache. Hatari ni kuweka 1.4 iwe ya kudumu huku viini vyote vinafanya kazi.

RAM: hatua inayopuuzwa na yenye faida ya haraka

Nimeona kompyuta nyingi zenye RAM ya 3600 zinazoendesha 2133 au 2666 tangu zilipoundwa, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuwasha XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake. Kwenye mazabodi za ASUS utaiona kwa jina la D.O.C.P. Iwashe.

Kabla ya hapo hakikisha vipande viwili vya RAM viko kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vikikaa kwenye ya kwanza na ya pili unapoteza nusu ya upana wa njia, na hakuna ovakloki itakayofidia.

Ryzen 5000 ina njia ya ndani iitwayo Infinity Fabric, na inapendeza iende sambamba na RAM. Kwa DDR4-3600 kasi halisi ya RAM ni megahezi 1800, kwa hiyo weka FCLK, yaani kasi ya njia hiyo, iwe 1800. Prosesa nyingi zinafika hapo bila tabu. Kuvuka 1900 ni bahati. Ukishaweka, endesha MemTest86, programu ya kukagua RAM, kutoka kwenye flashi usiku mzima. Inatakiwa makosa sifuri. Kosa moja tu ni sababu ya kurudi nyuma, maana RAM yenye kosa inaharibu mafaili yako taratibu bila kukuambia. Usiende hatua inayofuata kabla ya kumaliza hii, la sivyo kompyuta ikianza kuzimika baadaye hutajua wa kumlaumu ni RAM au prosesa.

PBO: kuiachia prosesa ijipandishe

Ndani ya BIOS tafuta menyu ya AMD Overclocking. ASUS huiweka chini ya Advanced, MSI ndani ya OC kwenye Advanced CPU Configuration. Itakutolea onyo, kubali. Ingia Precision Boost Overdrive (ndiyo PBO yenyewe), weka Advanced, na kwenye mipaka chagua Manual.

Utakutana na namba tatu. PPT ni wati zote zinazoruhusiwa kuingia kwenye soketi. TDC ni ampea za muda mrefu, EDC ni zile za ghafla. 5600X inatoka kiwandani na 76, 60 na 90. Mimi huanzia PPT 110, TDC 75, EDC 110 kwenye mazabodi nzuri ya B550. Usiweke Motherboard kwenye mipaka. Hapo unaiambia mazabodi ichukue inavyotaka, na kwenye chumba cha nyuzijoto 32 itachukua mpaka prosesa igonge dari.

Dari la 5600X ni nyuzijoto 95. Kwenye menyu hiyohiyo kuna Platform Thermal Throttle Limit. Weka 85, prosesa itajipunguza yenyewe ikifika hapo. Scalar iache Auto. Max CPU Boost Clock Override inaruhusu hadi megahezi 200 za ziada, lakini kwa sasa weka 0. Tutairudia.

Curve Optimizer: kushusha volti kiini kwa kiini

Kila prosesa huondoka kiwandani na mchoro unaosema: kwa kasi hii, nipe volti hizi. Mchoro huo una akiba ndani yake, ili hata prosesa dhaifu kuliko zote za kundi lake ifanye kazi kwa usalama miaka mingi. Curve Optimizer inakuruhusu kuila akiba hiyo. Unachagua Negative, kisha namba kuanzia 0 hadi 30, na kila hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5. Volti zikishuka, joto linashuka. Joto likishuka, prosesa inajipandisha kasi yenyewe, kwa sababu PBO inaona nafasi imepatikana.

Njia ya haraka ni kuweka All Cores, Negative, 10, na wengi wataishia hapo wakiwa wameridhika. Njia nzuri zaidi ni Per Core, kwa sababu viini havilingani. Fungua Ryzen Master, programu ya AMD, uone kiini chenye alama ya nyota. Hicho ndicho bora, na jambo la kushangaza ni kwamba hicho ndicho kinachovumilia punguzo dogo zaidi, kwa kuwa tayari kinakimbia kasi kubwa kwa volti chache. Hapa watu hukosea hesabu: Ryzen Master inaanza kuhesabu viini kutoka 1, BIOS inaanza kutoka 0. Kiini cha 3 cha Ryzen Master ni Core 2 kwenye BIOS.

Anza hivi: viini viwili bora vipe Negative 5, vingine vinne Negative 15. Hifadhi, ingia Windows, jaribu. Vikipita, ongeza hatua 5 kwa vile dhaifu, na hatua 2 au 3 kwa vile bora. Kimoja kikianguka, rudisha hicho peke yake hatua 3 hadi 5, vingine viache. Mwisho wa safari namba zako zinaweza kuwa mchanganyiko kama 8, 22, 25, 6, 18, 28. Usinakili hizo. Ni mfano tu wa jinsi zinavyotofautiana.

Kujaribu ndiko kunakokula muda

Kosa kubwa hapa ni kuendesha Cinebench, kuona imepita, na kutangaza ushindi. Cinebench ya viini vyote huishusha prosesa kasi kwa sababu ya mzigo, wakati Curve Optimizer mbaya huanguka pale kiini kimoja kinaporuka hadi kasi ya juu kabisa kikiwa na mzigo mdogo. Ndiyo maana kompyuta inapita majaribio yote mazito, halafu inazimika na kujiwasha upya ukiwa unasoma tu ujumbe kwenye kivinjari.

Kwa hiyo tumia CoreCycler, programu ya bure inayoendesha Prime95 kwenye kiini kimoja kimoja kwa zamu na kukutajia kilichokosea. Iache usiku kucha. Kesho yake fungua Event Viewer ya Windows, nenda System, tafuta WHEA-Logger, yaani rekodi za hitilafu za vifaa. Namba 18 kwa kawaida inaelekeza kwenye kiini kilichopewa volti chache mno. Namba 19 zikiwa nyingi, mshukiwa wa kwanza ni Infinity Fabric, kwa hiyo rudi kwenye FCLK.

Jaribio la joto lenyewe lifanye saa nane mchana, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, kasha likiwa limefungwa. Jaribio la saa tisa usiku na kasha wazi linakupa namba ambayo hutaiona tena. Kisha cheza gemu zako wiki nzima kama kawaida, na uiache kompyuta ikae bure ikiwa imewashwa pia. Kukaa bure ni jaribio.

Yote yakitulia, rudi kwenye Boost Clock Override. Ongeza 50, jaribu tena kwa CoreCycler, kisha 100, hadi 200 kama inakubali. Kila ukiongeza hapa, kiini bora kitakudai urudishe kidogo cha Curve Optimizer. Ikibidi kuchagua, mimi huacha megahezi na kubaki na volti ndogo.

Njia ya zamani: kizidishio cha mkono

Bado ipo. Basi ni megahezi 100, kizidishio ukiweka 46 unapata 4600 kwa viini vyote, na volti unazifunga wewe, tuseme 1.25. Kwa anayechakata video kutwa nzima ina maana. Kwa gemu haina, kwani 5600X isiyoguswa tayari inafika 4.6 kwenye viini vichache, ambavyo ndivyo gemu inavihitaji. Ukifunga viini vyote kwenye 4.6 umejinyima ile mirukio ya juu zaidi inayoletwa na PBO na kuongeza bili ya umeme.

Piga hesabu uone. Umeme unaoliwa hufuata kasi zidisha kwa volti zidisha kwa volti. Kutoka 4.4 kwa volti 1.20 hadi 4.7 kwa volti 1.35, kasi imepanda kwa asilimia 7. Umeme umepanda kwa asilimia 35, na wote unageuka joto ndani ya kasha. Ukiamua kwenda njia hii hata hivyo, panda 25 kwa 25, na usifunge volti juu ya 1.3 kwa viini vyote.

Kompyuta ikigoma kuwaka

Itatokea, hasa kwenye hatua ya RAM. Mazabodi nyingi hujaribu zenyewe mara kadhaa, zikizima na kuwaka, kisha zinarudi kwenye mipangilio salama, kwa hiyo subiri dakika kadhaa kabla ya kuogopa. Isiporudi, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC kwa ASUS, JBAT1 kwa MSI, au CLR_CMOS kwa Gigabyte, uziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kama sekunde kumi. Usipoziona, toa betri ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Umerudi kiwandani.

Mipangilio iliyofanikiwa ihifadhi kwenye profaili ya BIOS. Pamoja na hayo, piga kila ukurasa picha kwa simu, kwa sababu ukisasisha BIOS siku za mbele profaili hizo mara nyingi hufutika au hukataliwa na toleo jipya.